Ukisahau PIN, Mbona Hatukuambii Ile ya Zamani?

Hili ni swali ambalo wateja huuliza sana. Umesahau PIN. Unapiga simu huduma kwa wateja, unajitambulisha, unajibu maswali yote ya usalama: jina kamili, nambari ya kitambulisho, mara ya mwisho kuweka pesa ilikuwa lini. Kila kitu kiko sawa. Halafu unauliza, "Sasa si uniambie tu PIN yangu ilikuwa gani?" Mhudumu anakujibu kwamba hilo haliwezekani, ila atakusaidia kuweka mpya.

Wengine hudhani huo ni usumbufu tu. Wengine hudhani mhudumu anaiona PIN kwenye skrini yake ila amekatazwa kuisoma. Ukweli ni kwamba haoni chochote. Katika mfumo wa malipo uliojengwa vizuri, PIN yako haikai mahali popote ikiwa inasomeka. Haiko kwenye skrini ya mhudumu, haiko kwenye faili ya meneja, wala fundi wa kompyuta hawezi kuifungua aione.

Sasa hapo swali lingine linazuka. Kama mfumo hauna PIN yangu, unajuaje kwamba nimeandika ile sahihi? Jibu linaanzia kwenye kitu kinachoitwa hashi. Ukiielewa vizuri, utaelewa pia kwa nini tapeli hukupigia simu wewe, na wala hahangaiki na kompyuta zetu.

Posho mill isiyorudi nyuma

Fikiria posho mill ya mtaani kwenu. Unapeleka mahindi, unarudi na unga. Hakuna fundi duniani anayeweza kuchukua ule unga akakurudishia punje zako zikiwa nzima. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hashi inafanya kazi hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hapa maji tunayamwaga makusudi.

Hashi ni kanuni ya hesabu inayochukua maandishi yoyote na kuyasaga hadi yawe mfuatano wa herufi na tarakimu wenye urefu maalum. Mojawapo ya kanuni zinazotumika sana leo inaitwa SHA-256. Ukiipa tarakimu nne za 1234, inakupa hii:

03ac674216f3e15c761ee1a5e255f067953623c8b388b4459e13f978d7c846f4

Ukiipa 0000, inakupa hii:

9af15b336e6a9619928537df30b2e6a2376569fcf9d7e773eccede65606529a0

Ziangalie vizuri. Zote zina urefu wa alama 64. Hata ungesaga kitabu kizima, bado ungepata alama 64 tu. Pia, 1234 itatoa jibu hilo hilo leo na mwaka ujao, uwe Nairobi ama Lodwar. Na tatu, majibu hayafanani hata kidogo. Ukibadilisha tarakimu moja tu ya kilichoingia, karibu nusu ya biti zote za jibu hubadilika, kwa hivyo huwezi kusema "hii inakaribia ile, wacha nisogee kidogo." Hakuna kukaribia. Ni sawa kabisa ama si sawa kabisa.

Basi mfumo unahifadhi unga, haihifadhi mahindi. Ukiandika nenosiri lako, linasagwa upya palepale, na unga mpya unalinganishwa na ule wa akiba. Zikilingana, umeingia. Mfumo umekutambua bila kuhifadhi siri yenyewe.

Hashi nzuri inapimwa vipi?

Si kila kanuni inayosaga maandishi ni salama. Wataalamu huipima kwa maswali matatu.

La kwanza: nikikupa jibu, je, unaweza kujua kilichoingia? Kwa hashi nzuri, njia pekee ni kubahatisha, unajaribu moja baada ya nyingine hadi upate.

La pili: nikikupa kitu fulani, tuseme mkataba wa kukodisha duka, je, unaweza kutengeneza mkataba mwingine wenye maneno tofauti lakini hashi ile ile? Isiwezekane.

La tatu: je, unaweza kutafuta vitu viwili vyovyote, vya kuchagua mwenyewe, vikapata hashi moja? Hii huitwa kugongana, na ndiyo sehemu ambayo kanuni nyingi huanzia kuvunjika.

Kwa nini la tatu ni gumu kulinda? Panda matatu ya abiria 33. Uwezekano wa kumpata mtu aliyezaliwa tarehe moja na wewe ni mdogo, haufiki asilimia 10. Lakini uwezekano wa kuwa mna watu wawili wowote humo ndani wenye tarehe moja ya kuzaliwa unapita asilimia 70. Watu wengi hubisha mpaka wajaribu. Sababu ni kwamba hutafuti mwenzako tu. Unalinganisha kila abiria na kila abiria mwingine, na jozi zinakuwa nyingi haraka sana. Kwa hashi ni vivyo hivyo: kutafuta jozi yoyote inayogongana ni rahisi kuliko kutafuta mwenzake wa kitu kimoja maalum.

Ndiyo maana jibu la hashi lazima liwe refu. Idadi ya majibu ambayo SHA-256 inaweza kutoa ni namba yenye tarakimu 78. Kimahesabu migongano lazima iwepo, kwa sababu vitu vya kusaga havina mwisho na majibu yana mwisho. Ila mpaka sasa hakuna aliyewahi kuonyesha hadharani mgongano hata mmoja wa SHA-256 kamili.

Zile zilizovunjika

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ulimwengu wa hashi umejifunza hilo kwa gharama. Kanuni ya MD5 ilichapishwa mwaka 1992 na Ron Rivest wa Marekani, na kwa miaka mingi ilitumika karibu kila mahali. Mwaka 2004 mtaalamu wa China Xiaoyun Wang na wenzake wakaonyesha migongano yake. Ilikuwa wakati wa kuihama, lakini wengi walichelewa.

Mwaka 2012 programu hasidi iliyoitwa Flame iligunduliwa kwenye kompyuta za Mashariki ya Kati. Waliounda Flame walitumia mgongano wa MD5 kughushi sahihi ya kidijitali, na programu yao ikaingia kwenye kompyuta ikijifanya ni sasisho halali la Windows. Kompyuta ilikagua sahihi, ikaona iko sawa, ikafungua mlango.

SHA-1, iliyotoka mwaka 1995, nayo ilifika mwisho wake. Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walitoa faili mbili za PDF zenye sura tofauti na hashi moja. Hesabu waliyofanya ilikuwa kubwa ajabu. Sehemu moja ya kazi hiyo ingechukua kompyuta yenye prosesa moja miaka 6,500. Walifaulu kwa kuwa walikuwa na kompyuta nyingi sana na ujanja wa hesabu.

Hii inakuhusu wewe kwa njia moja ya moja kwa moja: apu. Apu ya malipo unayopakua kwenye duka rasmi la simu yako ina sahihi ya kidijitali, na sahihi hiyo imejengwa juu ya hashi. Mtu akiichukua akaongeza kamstari kamoja tu ka kuiba PIN, hashi inabadilika na sahihi ya mwenye apu haikubali tena. Lakini apu uliyotumiwa kwa linki ya WhatsApp, "toleo jipya, lina bonasi," inaweza kuwa imetiwa sahihi na mwizi mwenyewe. Simu itaona sahihi ipo, na itaisakinisha ukiiruhusu. Hashi inathibitisha kwamba faili haijabadilishwa tangu ilipotiwa sahihi. Tabia ya aliyeitia sahihi haiijui.

Mwizi hahitaji kurudisha unga

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulikosa. Tumesema hashi hairudi nyuma. Basi mbona tunasikia nenosiri zimevuja na kufumbuliwa?

Rudi kwenye ule mfuatano wa kwanza hapo juu, unaoanza na 03ac6742. Uandike kwenye mtandao wa kutafutia na utapata kurasa zinazokwambia mara moja kwamba hiyo ni 1234. Hakuna aliyeirudisha nyuma. Mtu alikaa akasaga 1234, akaweka jibu kwenye orodha, na sasa kila akiuona unga huo anajua ulitoka kwa mahindi gani. Anautambua tu, vile mama mboga anavyotambua sukuma wiki za jana kwa kuzitazama.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Juni 2012. Hashi karibu milioni 6.5 za nenosiri za watumiaji wa LinkedIn ziliwekwa wazi kwenye intaneti. Zilikuwa zimesagwa kwa SHA-1, na hakukuwa na kitu kingine cha kuzilinda. Watu wakachukua orodha za nenosiri zinazopendwa, wakazisaga zote, wakalinganisha. Ndani ya siku chache sehemu kubwa ilikuwa imefumbuliwa. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba wizi ule ulikuwa mkubwa zaidi, na akaunti zilizoguswa zilipita milioni 100.

Chumvi na mwendo wa polepole

Dawa ya tatizo hilo ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, walichapisha maelezo ya jinsi mfumo wa Unix ulivyolinda nenosiri. Walikuwa na mbinu mbili ambazo bado ndizo msingi leo.

Ya kwanza inaitwa chumvi, na ndivyo ilivyo. Kabla ya kusaga, mfumo unatupia maandishi ya kubahatisha yaliyo tofauti kwa kila mteja. Tuseme mteja wa Nakuru na mteja wa Kisumu wote wamechagua nenosiri moja. Bila chumvi, hashi zao zinafanana, na mwizi akifumbua moja amepata zote mbili. Kukiwa na chumvi, hashi zao hazifanani hata kidogo. Zile orodha zilizotayarishwa mapema hazina kazi tena, na mwizi lazima aanze upya kwa kila mteja mmoja mmoja.

Ya pili ni kuchelewesha makusudi. Badala ya kusaga mara moja, Morris na Thompson walizungusha kinu mara 25. Wewe mteja huhisi tofauti, kwa sababu unaandika nenosiri lako mara moja tu. Mwizi anayejaribu mamilioni ndiye anayeumia. Kanuni za kisasa za nenosiri, kama bcrypt ya mwaka 1999 na Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015, zimejengwa juu ya wazo hilo hilo.

Sasa tupige hesabu ya PIN

PIN ya tarakimu nne inaanzia 0000 hadi 9999. Hizo ni 10,000 tu. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzisaga zote kwa SHA-256 kwa muda usiofika sekunde moja. Haijalishi kwamba SHA-256 haijawahi kuvunjwa.

Haya, tuongeze chumvi na mwendo wa polepole, kila jaribio lichukue nusu sekunde. Mara 10,000, hiyo ni sekunde 5,000. Bado haifiki saa moja na nusu.

Linganisha na nenosiri la herufi ndogo nane zilizochaguliwa bila mpangilio. Michanganyiko yake inapita bilioni 208. Kwa nusu sekunde kila jaribio, kompyuta moja ingehitaji zaidi ya miaka 3,300 kuimaliza yote. Kinu ni kile kile. Kilichobadilika ni siri iliyoingia.

Hapo ndipo nguvu ya hashi inaishia. Hashi inafunga njia ya kurudi nyuma, lakini haiwezi kuifanya siri fupi iwe ndefu. Kwa sababu hiyo, mifumo ya malipo haitegemei hashi peke yake kulinda PIN. Huongezwa ufunguo wa siri unaokaa kwenye kifaa chake maalum, mbali na orodha ya wateja, ili mtu akiiba orodha pekee asiweze hata kuanza kubahatisha. PIN hufungwa na laini yako. Na kuna ile kinga ambayo labda imewahi kukukasirisha: ukikosea mara chache, akaunti inafungwa. Kinga hiyo inamaanisha kwamba anayeokota simu yako hana nafasi 10,000. Ana tatu ama nne hivi.

Nafasi tatu ni chache sana kwa PIN iliyochaguliwa vizuri. Kwa PIN ya uvivu, zinatosha. Mwaka 2012 mchambuzi wa data Nick Berry alichunguza nenosiri za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja katika orodha mbalimbali. Zaidi ya moja kati ya kumi ilikuwa 1234. Ukijumlisha 1234, 1111 na 0000, unakaribia mtu mmoja kati ya watano. Miaka ya kuzaliwa, ile inayoanza na 19, nayo ilijaa tele. Na kitambulisho chako, chenye mwaka wako wa kuzaliwa, mara nyingi kiko kwenye pochi moja na simu.

Kwa hivyo anakupigia wewe

Weka mambo haya pamoja, sasa umwangalie tapeli. Kwenye seva, PIN yako haisomeki. Akiiba orodha, hana ufunguo. Akijaribu kubahatisha kwenye simu, akaunti inafungwa. Kuna mahali pamoja tu ambapo PIN yako iko nzima, inasomeka, na inaweza kutolewa bure: kichwani mwako.

Ndiyo maana simu inalia saa nane mchana. "Habari mteja wetu, laini yako itafungwa leo, tunataka kuihakikisha." Ama ni ujumbe: umeshinda zawadi, umetumiwa pesa kimakosa, mkopo wako umeidhinishwa. Sauti ina heshima, pengine anajua hata jina lako lote. Mwisho wa maneno yote ni mmoja: taja PIN, ama taja ile namba ya siri ya mara moja iliyoingia kwenye ujumbe wako.

Ukikumbuka habari ya posho mill, jibu unalo. Kampuni ya malipo haina haja ya kuambiwa PIN yako ili kuithibitisha. Wewe huiandika kwenye simu yako, kinu kinasaga, mfumo unalinganisha, basi. Mhudumu hata ukimtajia hana mahali pa kuitumia. Anayetaka kuisikia kwa sauti ni mtu aliye nje ya mfumo, na anataka umfungulie mlango.

Ufanye nini leo

Badilisha PIN kama ni 1234, 1111, 0000, mwaka wako wa kuzaliwa ama tarakimu za mwisho za nambari yako ya simu. Dakika mbili tu.

Usitumie PIN moja kufungua simu na kutuma pesa. Anayekuangalia ukifungua simu kwenye matatu asipate zote mbili.

Mahali panapokubali nenosiri refu, tumia refu. Maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha. Anza na barua pepe yako, maana akaunti nyingi hufunguliwa upya kupitia hapo.

Kila huduma iwe na nenosiri lake. Waliotumia lile la LinkedIn kwingine walilazimika kuhangaika na akaunti zote. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data ikivuja na kukiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe. Ukipata taarifa ya aina hiyo, badilisha nenosiri siku hiyo hiyo.

Pakua apu kwenye duka rasmi pekee. Linki ya apu uliyotumiwa, hata na rafiki, iache.

Ukipigiwa simu na kuulizwa PIN, kata. Huna haja ya kubishana wala kuomba msamaha. Kisha piga wewe mwenyewe nambari ya huduma kwa wateja unayoijua. Kama ulikuwa umeshaitaja, badilisha PIN kwanza, halafu ndio upige.

Na nyumbani kuna mtu, labda mzazi ama shosho, anayepokea simu hizi bila wewe kujua. Mweleze habari ya mahindi na unga kwa lugha anayoielewa. Mwambie kwamba sisi wenyewe hatuijui PIN yake na hatutawahi kumwomba aitaje, na kwamba anayemwomba, hata ajitambulishe vipi, hatoki kwetu.